Upande wa Jumapili wa Kisu

Aliyegundua kwanza kwamba mkono wangu wa kushoto hauna nywele ni mama yangu. Tulikuwa jikoni kwake, mtaa wa Panda, mimi nimekunja mikono ya blauzi nikisonga bukari, ugali wetu, naye akaushika mkono wangu na kuugeuzageuza kama mtu anayechagua samaki. Aliuliza kama huo ndio mtindo mpya wa mabinti wa Lubumbashi. Nikamwambia ni kazi. Hakuniamini, na sikumlaumu. Nani angeamini kwamba hospitalini kuna watu wazima wanaojinyoa mkono asubuhi kabla ya kuanza kazi, tena mkono mmoja tu?

Nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja ya Likasi, kusini mwa Kongo, chumba cha mwisho kwenye korido, kile kinachonuka formalini. Daktari akimkata mgonjwa kipande cha nyama, penye uvimbe au kidonda kisichopona, kipande kililetwa kwetu. Tulikitoa maji, tukakizamisha katika nta ya moto, nta ikaganda, tukapata kibonge kidogo cha kushika kwa vidole viwili. Kibonge tulikifunga kwenye mashine ya kukatia, mikrotomu, tukazungusha gurudumu lake. Kila mzunguko kibonge kilishuka mbele ya kisu na kuacha ukaratasi mwembamba ambao ukiupigia chafya umeupoteza. Ukaratasi huo ndio uliowekwa kwenye kioo, ukatiwa rangi, ukasomwa na daktari kwenye hadubini.

Yote yalitegemea makali. Kisu kibaya kinaichana nyama badala ya kuikata, na daktari akichungulia anaona mistari mitupu, hawezi kusema kama ugonjwa upo au haupo. Ndiyo maana tulijaribu makali mkononi. Yakichukua nywele bila kuvuta, yanafaa nyama ya mgonjwa. Yakivuta, yanarudi kabatini.

Tulikuwa wawili katika chumba kile. Mkuu wangu alikuwa mzee aliyeingia maabara akiwa kijana, enzi ambazo fundi alipewa kisu chake mwenyewe na kukitunza mpaka astaafu. Kisu chake kilikuwa cha chuma, kizito, urefu wa kiganja na nusu, na alikinoa kwa mkono juu ya jiwe lenye povu la sabuni. Mimi niliingia baadaye, wakati nyembe za kutupa zilipokuwa zinakuja kwa pakiti kutoka Ulaya, nyepesi, zinang'aa, unachomeka moja, unakata vibonge vyako, unatupa. Nilizipenda nyembe hizo kupita kiasi. Yeye alizidharau, na kila nilipofungua pakiti alikuwa na neno.

“Lame ya kutupa ni ya bantu ba haraka,” aliniambia siku moja, wembe na kisu akiviita kwa Kifaransa. “Couteau, unazeeka naye.”

Nilimjibu kwamba mimi sina mpango wa kuzeeka na kisu, natafuta mume. Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Huo ndio ulikuwa ugomvi wetu wa kila siku, na nakiri niliupenda. Kuna watu wanaanza asubuhi kwa chai. Sisi tulianza kwa kubishana juu ya makali.

Kisu kile kilikuwa na desturi zake. Mzee alikigawa katika sehemu tatu. Sehemu mbili za kushoto aliziita siku za kazi: hapo tulikata nta tupu, tulisawazisha vibonge, tulifanya mambo ya kawaida. Theluthi ya kulia aliiita Jumapili, na Jumapili haikuguswa ila kwa ukataji wa mwisho wa kibonge kigumu. Ukigusa Jumapili kwa kazi ya ovyo alikuwa anakuuliza, kwa upole unaochoma, kama siku hizi watu wanakwenda misa na aproni. Mimi nilifanya hivyo mara moja tu. Sikurudia.

Kisha ikaja ile miaka ya tisini ambayo vitu vilianza kwisha kimoja kimoja. Sitaki kuieleza sana, kila mtu wa Likasi ana yake ya kusimulia. Kwetu kilichokwisha kwanza ni vioo vyembamba vya kufunikia, tukajifunza kuviosha na kuvitumia tena. Ikafuata karatasi ya kuchujia. Halafu nyembe za kutupa. Pakiti haikuja mwezi ule, haikuja uliofuata, nami nikaanza kutumia wembe mmoja kwa siku nne, kisha kwa wiki, nikiusogeza kidogo kidogo kulia kama mtu anayebana dawa ya meno mpaka mwisho wa mrija.

Tulijaribu kila kitu, na lazima niseme tulifurahi. Nilinunua sokoni nyembe za kunyolea ndevu, za aina tatu, nikatengeneza kwa bati kibanio cha kuzishikilia kwenye mashine. Kwa majaribio tulihitaji nyama isiyo ya mtu, basi tulinunua ini la mbuzi. Nusu liliingia kwenye formalini na nta, nusu liliingia kwenye kikaango juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nje ya dirisha, na vitunguu. Korido nzima ilijua siku ya kujaribu nyembe. Wauguzi walikuja kuuliza matokeo ya utafiti wakiwa wameshika sahani.

Matokeo yalikuwa mabaya, lakini ini lilikuwa tamu. Nyembe za ndevu zinapinda zikikutana na nta. Ukaratasi unatoka mnene, mwembamba, mnene, mwembamba, na kwenye hadubini unaona mawimbi. Mzee alitazama mawimbi yale akasema kwamba mbuzi huyu alikufa maji.

Sasa nije kwenye kosa langu, na nilisimulie bila kulizunguka. Mimi napenda mpangilio. Nikikasirika nasafisha, na miaka ile nilikuwa nakasirika mara nyingi. Siku moja, mzee akiwa ameenda mazishini, niliteremsha kila kitu kutoka kabati la visu, nikafuta, nikapaka mafuta, nikarudisha. Ndani yake mlikuwa na kisu chake na migongo miwili. Mgongo ni bomba la chuma lililopasuliwa ambalo unalivisha nyuma ya kisu wakati wa kunoa, ili kisu kilale juu ya jiwe kikiwa kimeinuka kiasi kinachotakiwa, si zaidi, si pungufu. Kila kisu kina mgongo wake, wamezaliwa pamoja kiwandani. Mgongo mmoja ulikuwa umechakaa na una kutu kidogo. Wa pili ulikuwa mpya unang'aa, uliachwa na kisu kingine kilichopelekwa Ulaya zamani kunolewa na hakikurudi. Nami, kwa moyo mweupe, nikakiwekea kisu cha mzee mgongo ule mzuri kwenye sanduku lake, na ule mbaya nikausukuma nyuma kabisa, chini ya matambara. Nilijisifu sana. Kabati lilipendeza.

Baada ya hapo kisu kikaacha kukata. Si mara moja. Kilizidi kuchoka, mzee akakinoa, kikawa vilevile. Akakinoa tena. Alikuwa akisimama mbele ya jiwe asubuhi nzima, akienda mbele na kurudi, mbele na kurudi, kisha akijaribu mkononi, na nywele zinabaki. Tulilaumu jiwe. Tulilaumu sabuni, kwa kuwa sabuni ya siku zile ilitengenezwa na watu nyumbani kwa mafuta ya mawese. Tulilaumu nta. Hatimaye mzee alilaumu mikono yake. Alianza kuitazama, anaiweka mezani mbele yake, anaitazama. Akaniambia ataandika barua ya kupumzika, kwamba mtu wa kunoa akishindwa kunoa amekuwa mgeni kazini.

Nami nilifanya nini? Nilimhurumia. Nilimletea chai. Nikaanza kukata vibonge vyote mwenyewe kwa nyembe zangu za mwisho za kutupa, na moyoni, aibu kusema, nilifurahi kidogo. Nilidhani ugomvi wetu umekwisha na mimi nimeshinda.

Miezi minne baadaye mama yangu alinifungia mlango wa chumba chake akanionyesha titi la kulia. Kulikuwa na kitu ndani, kigumu, ukubwa wa harage. Alikuwa nacho tangu kabla ya Pasaka na hakumwambia mtu, hata baba, hata padri. Nilikasirika nikataka kusafisha nyumba nzima. Badala yake nilimshika mkono tukaenda hospitali kwa miguu, kwa kuwa usafiri ulikuwa wa kubahatisha, na njiani alisalimia kila mtu kana kwamba tunakwenda arusini.

Daktari wa upasuaji alimkata kipande kidogo kwa sindano nene. Mama alipotoka aliniuliza jambo moja tu.

“Kipande yangu, utakata weye mwenyewe?”

“Njo minye, mama,” nikamwahidi.

“Basi ukate polepole. Usinikate na hasira.”

Nilikiandaa kipande chake kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuandaa kitu. Nikakizamisha kwenye nta, nikaandika namba yake, nikakipoza kwa barafu. Kisha nikachagua wembe, ingawa kuchagua si neno, maana ulikuwa mmoja: wa mwisho wa pakiti ya mwisho, uliokaa kwenye karatasi yake ya mafuta masika nzima. Niliujaribu mkononi mahali pamoja, ukachukua nywele. Sikuujaribu urefu wote. Katikati ulikuwa na kutu, kidoa cha ukubwa wa chembe ya chumvi, na kutu ile ilipitia nyama ya mama yangu kuanzia juu hadi chini.

Daktari wa kusoma hadubini alikuwa anatoka Lubumbashi Jumatano moja kila wiki mbili, na akikosa gari la kumleta, basi tulingoja wiki mbili nyingine. Jumatano ile alikuja. Alikitazama kioo cha mama, akakisogeza, akakirudia. Akasema anaona chembe zilizojaa mahali fulani, lakini mstari umepita hapohapo, umezikusanya na kuzirundika, na hawezi kuapa kama zimejaa zenyewe au kisu ndicho kilichozijaza. Niliuliza kama kibonge kinaweza kwenda kukatwa kwao Lubumbashi. Alicheka bila furaha; kule walikuwa wanakata kwa sala, alisema, na foleni ilikuwa ya miezi.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mwema na hakupenda kubahatisha na maisha ya mtu. Alimweleza mama kwamba kama Jumatano ijayo ya hadubini hakuna jibu safi, kesho yake Alhamisi ataliondoa titi lote, na kwamba ni afadhali hivyo kuliko kungoja. Kumkata kipande kingine hakutaka, uvimbe ulikuwa mdogo na tayari umevurugwa. Kwa hiyo tulikuwa na wiki mbili, na ndani ya kibonge ilibaki nyama nyembamba kuliko ukucha. Kila jaribio la hovyo lingekula sehemu yake.

Mama alisema ni sawa, titi limeshanyonyesha watoto sita, halina deni na mtu. Lakini usiku nilipolala kwake nilimsikia akigeukageuka, na asubuhi nilikuta ameshona kitambaa ndani ya sidiria yake upande wa kulia, akijaribu kuona nguo zitakaaje. Alipoona nimeona, alikificha. Hapo ndipo nilipolia, uani, nyuma ya pipa la maji.

Jumatatu iliyofuata nilipanga kila chenye makali juu ya meza. Wembe wa kutupa wenye kutu, nikausogeza upande usio na kutu, mdogo mno. Nyembe za ndevu za aina tatu. Kisu cha mzee. Nikachukua vibonge vya ini la mbuzi vilivyobaki, nikaanza. Nyembe za ndevu zilileta mawimbi yao. Wembe wa kutupa ulikata karatasi tatu, ya nne ikapasuka. Kisu cha mzee hakikukata kabisa, kilisukuma nta kama kijiko.

Mzee alikuwa ameketi pembeni. Barua yake ya kupumzika ilikuwa mezani, haijaandikwa tarehe. Sijui ni nini kilichonifanya nikichukue kisu chake na kukiweka chini ya hadubini badala ya kukirudisha kabatini. Nadhani nilitaka tu kuona jinsi kilivyo kibaya, nikikasirikie vizuri. Nikaona kitu ambacho sikutegemea. Pale makali yalipotakiwa kuwa yamenolewa, hayakuwa yamenolewa hata kidogo. Yalikuwa ya zamani, yana meno, ya miezi. Lakini nyuma yake kidogo, kwenye bega la kisu, chuma kiling'aa kama kioo cha saa. Miezi minne mzee alikuwa amenoa bega. Jiwe halikuwahi kufika kwenye makali.

Nilishika mgongo ule mzuri unaong'aa. Upande wa ndani palikuwa pamepigwa namba: 3. Kwenye kisu palikuwa pamepigwa 7. Nilienda kabatini, nikapiga magoti, nikachomoa matambara, na kule nyuma kabisa nikautoa mgongo mchakavu. 7. Ule mpya ulikuwa mwembamba zaidi, ulikilaza kisu chini mno. Mtu angeweza kunoa hivyo mpaka mwisho wa dunia.

Nilibaki nimepiga magoti. Nilifikiri, na hili nalikumbuka vizuri, kwamba ningeweza kubadilisha migongo kimyakimya, na mzee angeamini mikono yake imepona kwa neema. Ilikuwa njia nzuri sana. Kisha nikamwona anavyoiweka mikono yake mezani.

“Papa,” nikamwambia, kama tunavyowaita wazee kwetu, “mikono yako haina na kitu. Ni minye njo nilichanganya migongo.”

“Tangu lini?”

“Tangu nilisafisha kabati.”

Alinyanyuka, akaja, akanipokonya bomba moja, kisha la pili, akazisoma namba kwa kuzisogeza mpaka puani. Akaweka vyote chini. Nilingoja tusi. Nilikuwa nimelistahili na nilikuwa tayari hata kulipokea vizuri, jambo ambalo si tabia yangu.

“Donc minye niko muzima,” alisema.

Akacheka. Alicheka ameshika meza, akacheka amekaa, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake na kuigeuza, juu, chini, kama mtu aliyevishwa glavu mpya. Akatoka koridoni akamwambia muuguzi wa kwanza aliyepita kwamba yeye ni mzima. Muuguzi akamwambia hongera. Aliporudi alinifokea, ndiyo, kwa dakika kumi zilizojaa Kifaransa, juu ya watu wanaopenda vinavyong'aa, na kila neno lilikuwa haki. Kisha akaichana barua akawashia mbabula.

Tukaanza kazi. Alikivika kisu mgongo wake halali, akalimwagia jiwe povu, akanoa. Safari hii mlio ulikuwa mwingine, mwembamba, wa hariri inayopasuliwa, na mimi ambaye nilikuwa nimeusikia mlio ule wa bega kwa miezi minne bila kushtuka nilijiuliza masikio yangu yalikuwa wapi. Siku ya kwanza alitoa meno makubwa. Siku ya pili madogo. Kila saa alikisimamisha kisu chini ya hadubini, ananiita nitazame, ananiuliza naona nini, na nisipoona anachokiona yeye anasubiri mpaka nikione.

Siku ya tatu ilibaki kung'arisha kwenye ukanda wa ngozi, na ukanda bila unga ni ngozi tu. Ule unga mwekundu wa Ulaya ulikuwa umekwisha zamani. Hapo ndipo baba yangu alipoingia katika habari hii. Alifanya kazi machimbo ya chokaa ya Kakontwe maisha yake yote, na vumbi jeupe la kule lilikuwa likikaa kwenye madirisha ya nyumba yetu zaidi ya pazia. Nilimwomba vumbi. Hakuuliza la nini. Aliniletea mfuko mzima. Tulilichekecha kwenye soksi ndefu ya nailoni ya mke wa mzee, mara moja, mara mbili, mara tano, mpaka likawa laini ukilisugua kwenye vidole huhisi chembe. Mzee alilinusa akasema miaka thelathini ameagiza unga kwa meli, na huku unamwangukia kwenye kola.

Alhamisi mchana, siku sita kabla ya Jumatano ya hadubini, alikunja mkono wa koti lake. Nywele zilikuwa zimeota tena katika miezi ile ya huzuni, kichaka kizima cheupe. Alipitisha Jumapili ya kisu mara moja tu, bila kukandamiza, na nywele zikalala upande kama majani yaliyofyekwa. Alinipa kisu, akanionyesha mkono wangu. Nilipitisha. Sikuhisi chochote, na ndivyo inavyotakiwa.

Tulifunga kibonge cha mama. Nilikaa kwenye kiti, nikaweka mkono kwenye gurudumu, na mkono ukaanza kutetemeka. Nilingoja uache. Haukuacha. Mimi niliyekuwa nimemwahidi mama nitakata mwenyewe, mimi niliyemhurumia mzee kwa ajili ya mikono yake, nilikuwa nimekaa pale natetemeka kama mtu wa malaria. Nikasimama.

“Kata weye, Papa.”

Hakubisha wala hakujivuna. Alikaa, akavuta pumzi, akazungusha. Sehemu ya siku za kazi ilisawazisha uso wa nta, karatasi mbili tu, hakula zaidi. Akasogeza Jumapili. Mzunguko, mzunguko, mzunguko, polepole sana, na karatasi zikaanza kutoka zimeshikana mkono kwa mkono, utepe mmoja usio na mkunjo wala mstari, unateremka juu ya kisu. Niliupokea kwa brashi, nikaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, ukatandaa. Katikati ya kila kipande cha nta kulikuwa na kivuli kidogo, na kivuli kile kilikuwa mama yangu. Mzee alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa pua, na nikajikuta nami naimba, sauti ya pili, tena vibaya.

Jumatano daktari alikuja, nashukuru, kwenye lori la mahindi. Alikaa kwenye hadubini, akaweka kioo cha mama. Mimi na mzee tulisimama nyuma yake kama wanafunzi. Alitazama kwa muda ambao sijui urefu wake. Akauliza nani aliyekata hiki. Mzee akasema tulikuwa wawili. Daktari akasema kwamba hajaona kioo cha namna hii tangu alipokuwa anasoma, kisha, kana kwamba hilo ndilo dogo, akasema ni uvimbe usio na ubaya, chembe zimejipanga vizuri, hakuna saratani, tumwambie daktari wa upasuaji afunge faili, titi libaki mahali pake.

Nilimkumbatia mzee, nikamkumbatia na daktari, ambaye hakuzoea. Kisha nikatoka mbio kwenda Panda nikiwa na aproni, na watu barabarani wakaniuliza kuna moto wapi.

Mama alikuwa anachambua maharage. Aliposikia hakupiga kelele. Alifunika uso kwa kitenge, akabaki hivyo, mabega yanatikisika, nami sikujua kama analia au anacheka mpaka alipojifunua nikaona ni vyote. Kisha akasema anataka kukiona. Kitu gani? Kile kioo. Nyama ni yake, alisema, na watu wote wameshaiona isipokuwa yeye.

Siku iliyofuata alikuja na kitenge cha misa. Nilimkalisha kwenye hadubini, nikamwonyesha pa kuweka jicho, nikazungusha mpaka akaona. Aliacha kupumua. Ndani kulikuwa na waridi na zambarau, mizunguko midogo iliyofungwa vizuri, nyuzi zinapita katikati, na vidoti visivyo na idadi.

“Huyu njo minye?”

“Njo weye, mama.”

“Niko muzuri,” alisema, kwa mshangao wa kweli, mwanamke wa miaka hamsini na saba. Alitazama tena. Kisha akaniuliza bila kuondoa jicho. “Na kama bugonjwa ingekuwa mule, ingeonekana mubaya?”

Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa nimeona vioo vya wengine, vya watu tuliowazika, na sikuweza.

“Hapana, mama. Nayo inakuwaka muzuri vilevile.”

Alishika titi la kulia juu ya kitenge. Akasema basi tuombe kwa ajili ya wale wenye vioo vizuri vya namna hiyo. Akasimama, akajifunga kitenge upya, akauliza yuko wapi yule papa aliyemkata, kama nilivyomweleza, maana anataka kumshukuru yeye kwanza, mimi nitangoja.